Tumbo la Bwana Kilo

Muuza nyama mwembamba ana maswali ya kujibu. Kama nyama yake ni nzuri, mbona yeye haili? Ndiyo maana kwa miaka mingi tumbo la Bwana Kilo lilikuwa ndilo bango la biashara yake. Lilitangulia kufika kwenye gogo la kukatia, likajiegemeza, kisha mwenyewe akafuata nyuma na kisu. Wateja walimpa jina la Kilo kwa kuwa mizani yake haikuwa na ujanja. Ukilipia kilo unapata kilo, na juu yake kipande cha nyongeza alichokutupia huku akikutazama usoni, ili ujue umependelewa.

Kisha sukari ikampanda. Daktari wa zahanati, mtu asiyejua kubembeleza, alimwambia kwamba asipopungua kuna siku atakatwa mguu. Bwana Kilo alikuwa amekata miguu mingi maishani mwake na aliijua vizuri sauti ya msumeno unapofika kwenye mfupa. Siku hiyohiyo aliacha soda.

Akapungua. Alipungua kwa hasira, kwa mchicha na kwa kutembea alfajiri akiwatukana kimoyomoyo wote waliobaki kitandani. Mafuta yaliondoka, lakini ngozi haikupewa taarifa. Ilibaki ikining'inia chini ya kitovu hadi kugusa mapaja, aproni ya pili ndani ya aproni, na akipanda ngazi haraka ilimpigia makofi. Wateja nao wakaanza kushusha sauti wakifika dukani. Walimuuliza kama anatumia dawa. Mama mmoja alimshika mkono akamwambia siku hizi watu wanaishi nao miaka mingi tu, wala hakusema wanaishi na nini. Haukupita muda, wahuni wa mtaa wakalipunguza na jina. Wakamwita Nusu.

Jina alilivumilia. Ambacho hakukivumilia ni ile ngozi, na hasa wazo la mkewe kuiona.

Mkewe alikuwa mwalimu wa chekechea, na mtaa mzima ulimwita Mwalimu, hata waliomzidi umri. Alikuwa mtu wa heshima. Tangu mapacha wao wazaliwe, na sasa mapacha wenyewe wako shule ya bweni wanaota ndevu, hakuwahi kubadili nguo mbele ya mumewe. Aliingia bafuni na gauni moja akatoka na jingine, vifungo vimefungwa mpaka shingoni. Bwana Kilo alilipenda jambo hilo. Aligongelea ndoano nyuma ya mlango wa bafu kwa ajili ya magauni yake, na aliwahi kujisifu kwa mashemeji zake kwamba yeye alioa malezi, hakuoa sura.

Sasa na yeye akaanza kuvalia bafuni, tena kwa komeo. Asubuhi mume na mke wakawa wanapishana pale mlangoni, mmoja anatoka amefunga vifungo, mwingine anaingia amekumbatia shati. Kitandani aligeukia ukutani na kusingizia mgongo. Miezi ikapita hivyo. Alimtaka mkewe, tena kuliko zamani alipokuwa mzito na anahema kabla hajafanya lolote, lakini aliogopa mkono wa mama wa watu utashuka na kukutana na lile tambara. Aliona heri adhaniwe mgonjwa wa mgongo.

Fundi viatu angejikatia mkanda wa ngozi. Fundi cherehani angejishonea kitu cha kubana. Yeye alitumia alichokuwa nacho. Kila asubuhi, kabla ya kufungua mlango wa mbele wa bucha, aliingia chumba cha baridi, akainua ile ngozi kwa mikono miwili, akaizungushia nailoni nyembamba ya kufungia nyama ya kusaga, mzunguko juu ya mzunguko, mpaka ikatulia. Kazi ilikuwa safi. Shati lilikaa vizuri, tumbo likawa ubao, na kwa siku chache alitembea mtaani akiwa ametanguliza kifua.

Tatizo ni kwamba alikuwa akichakarika. Kila akiinama, kuna kitu kilinong'ona ndani ya shati.

"Una nini mfukoni?" Mwalimu alimuuliza mezani.

"Risiti."

Mwalimu alimtazama kwa yale macho anayomtazama mtoto aliyesema si yeye aliyekula chaki, akaendelea kula. Bwana Kilo alijua anachofikiria. Mume anayepungua, anayejifungia bafuni, anayetanguliza kifua na kuchakarika, ana mwanamke. Alitaka kumwambia hapana, lakini hapana ingezaa swali la pili, na jibu la swali la pili lilikuwa limefungwa kwa nailoni.

Halafu ikaanza kuwasha. Mwanzoni ilikuwa kidogo, baadaye ikawa anajikuna kwa mpini wa kisu mteja akigeuka. Hapo ndipo alipopiga moyo konde. Alimuaga mkewe kwamba anakwenda kuangalia ng'ombe, akavaa shati la kutokea, akaenda kumwona daktari wa upasuaji ambaye alisikia anapunguza matumbo.

Nesi alimpeleka kwenye chumba chenye kitanda kirefu na taa kubwa, akamwambia avue shati. Akavua. Nesi akatazama kwa muda.

"Baba, hii ni nini?"

"Nailoni."

"Ya nini?"

"Ya kuhifadhia."

Nesi akasema anamwita daktari. Akatoka, akaufunga mlango polepole sana, na Bwana Kilo akamsikia anacheka kwenye korido mpaka akaegemea ukuta. Aliporudi uso wake ulikuwa umenyooka kabisa, ila macho yalikuwa na maji.

Daktari alikuwa mwanamke mfupi mwenye mikono midogo. Hakucheka. Alichukua mkasi, akakata nailoni upande wa nyonga, akaifungua mzunguko mmoja mmoja, na harufu iliyotoka humo Bwana Kilo aliifahamu. Ni harufu ambayo dukani kwake ingemfanya aitupe nyama na kuomba radhi. Chini ya mkunjo ngozi ilikuwa nyekundu kama ini.

"Umejifunga hivi tangu lini?"

"Tangu mvua zilizopita."

"Hii ni fangasi. Umeijengea banda. Kabla ya kitu chochote, hii lazima ipone."

"Ikipona utanikata?"

Daktari akavuta kiti, akakaa. Akachora kwa kalamu juu ya tumbo lenyewe. "Nitakata hapa chini, nyonga mpaka nyonga, mahali ambapo chupi itaficha kovu. Ngozi iliyozidi inaondoka. Ya juu naivuta ishuke, naishona chini. Misuli ikiwa imeachana katikati, naishona pia."

"Na kitovu?"

"Kitovu kinabaki palepale kilipo. Ngozi inayoshuka ndiyo tunaitoboa tundu jipya kitokee."

"Mkishakata, mnapima?"

"Tunapima."

"Mbele yangu?"

"Utakuwa umelala usingizi wa dawa."

"Basi mtanipunja," alisema Bwana Kilo. "Na nyongeza je? Nikishakuwa mezani si mnaweza kunipunguzia na kifua?"

"Nyongeza hatutoi," alisema daktari. "Sasa nisikilize, maana watu wengi huja hapa wakidhani wataingia asubuhi na kutoka jioni wakiwa vijana. Utatoka hapa umevimba. Utatembea umejikunja kama mtu anayetafuta sindano sakafuni. Utakuwa na mirija inayotoa majimaji kwenye vichupa, na wa kuvimwaga si wewe. Utalala chali, magoti juu ya mto, umevaa mkanda wa kubana usiku na mchana. Uvimbe utachukua miezi. Kovu litafifia, lakini utazeeka nalo. Na hutainua kitu kizito kwa wiki nyingi."

"Paja la ng'ombe?"

"Siku za mwanzo, hata paja la kuku umwambie mtu akuinulie. Na usicheke."

"Sababu?"

"Kucheka, kukohoa, kupiga chafya, vyote vinavuta mshono. Ukishindwa kabisa, unakumbatia mto tumboni."

Bwana Kilo akauliza, kwa sauti ndogo kuliko alivyotaka, kama mambo huweza kuharibika. Daktari hakuzunguka. Alisema huweza. Damu inaweza kuganda miguuni ikaenda mahali pabaya. Kidonda kinaweza kugoma kufunga, hasa kwa mwenye sukari. Ndiyo sababu yeye hana haraka, na mgonjwa mwenye haraka humwelekeza njia ya kutokea. Jibu hilo lilimtuliza Bwana Kilo. Katika biashara yake, anayeisifu nyama kabla hujauliza ana kitu anachokificha chini ya rundo.

"Utakausha huo mkunjo na kupaka dawa asubuhi na jioni, mpaka ndani kabisa," daktari aliendelea. "Sukari itulie. Na siku ya kurudi, uje na mtu atakayekuuguza. Mimi simkati mtu asiye na wa kumuuguza."

"Nitaajiri mtu."

"Una mke?"

"Ninaye."

"Anajua uko hapa?"

Bwana Kilo akachukua shati lake.

"Mficha uchi hazai, baba," alisema daktari.

"Mimi tayari nina mapacha."

Alirudi nyumbani na mrija wa dawa ya kupaka. Mwalimu alikuwa bado kazini, nyumba iko kimya. Akaingia bafuni, akatia komeo, akavua, na hapo akagundua kwamba mtu aliyepasua maelfu ya matumbo haoni chini ya tumbo lake mwenyewe. Akiinua ngozi kwa mikono miwili, hana mkono wa kupaka. Akiinua kwa mmoja, inateleza na kufunga mlango. Akachukua kioo cha kunyolea, akalala chali sakafuni, akakibana kioo kati ya magoti, na alikuwa karibu kufanikiwa pale kioo kilipomponyoka na kupasukia kwenye vigae.

Hatua zikaja. Mwalimu alikuwa amerudi.

"Baba mapacha?"

"Naoga."

"Maji hayatiririki."

"Nimeyafunga, najipaka sabuni."

Kisha ikaja ile sauti ambayo kwayo darasa zima la watoto wa miaka minne hukaa chini bila kujua limekaaje. "Nahesabu mpaka tatu."

Alifungua kwenye mbili. Alisimama mbele ya mkewe vile alivyozaliwa, ila na ngozi ya ziada, mkono mmoja una mrija wa dawa na mwingine umeinua tumbo, vipande vya kioo miguuni. Mwalimu alichungulia nyuma yake, kwenye bafu, hata nyuma ya pazia.

"Nilidhani una mwanamke."

"Ningekuwa na mwanamke ningemficha vizuri kuliko hivi."

Hakucheka. Aliangalia. Bwana Kilo aliutazama uso wake akingojea lile jambo aliloliogopa miezi yote, midomo kukunjika, macho kukimbia. Halikuja. Mwalimu alifagia vioo kwanza, kwa sababu ndivyo alivyo. Kisha akachukua mrija, akasoma maandishi, akanawa mikono, akapiga magoti.

"Inua."

Akainua. Mwalimu akakausha kwa taulo, akapaka, vidole vikaenda mpaka ndani kabisa, na dawa ikachoma. "Usitikisike," alisema. Bwana Kilo akamweleza yote, akisemea juu ya kichwa cha mkewe aliyeinama: nailoni, nesi, daktari, kovu, mirija. Ilikuwa rahisi kusema akiwa haonwi usoni.

"Ni baya, eh?" aliuliza mwishoni.

"Ni mfuko."

Lile neno lilikaa vibaya bafuni. Mwalimu akafunga kizibo cha dawa.

"Unamkumbuka aliyeanzisha neno hilo nyumba hii?"

Hakumkumbuka. Alitafuta kweli kichwani na hakukuta kitu, na mkewe aliona anatafuta.

"Siku ndugu zangu walipokuja kuona watoto," alisema. "Nilikuwa nawagawia chakula. Nimeinama, gauni limenibana. Ukasema: watoto wametoka, mama kabakiza mfuko, nadhani anangojea wa tatu. Wakacheka wote. Kaka yangu mkubwa akapaliwa na wali."

"Ulikuwa utani."

"Najua. Na mimi nilicheka. Ndiyo maana hukujua." Alisimama, akajifuta mikono. "Kuanzia siku hiyo navalia nguo humu ndani."

Bwana Kilo akageuka akatazama mlango. Gauni la mkewe lilining'inia kwenye ile ndoano aliyoigongelea mwenyewe, kwa furaha, akipiga mluzi, akidhani anaipa heshima mahali pa kukaa. Aibu ilimshika mpaka masikioni. Hiyo haikuwa aibu ya ngozi, ile alikwisha kuizoea. Alifungua mdomo.

"Usianze," alisema Mwalimu. "Utaniambia pole kwa sababu na wewe umening'inia. Ungebaki Kilo, ungekufa hujakumbuka. Mkuki kwa nguruwe." Akachukua taulo, akamrushia. "Jioni naja kupaka tena. Usijifunge ile takataka."

Alipaka asubuhi na jioni. Mkunjo ukapona, sukari ikatulia, na siku ya kurudi kwa daktari Mwalimu alivaa viatu vyake vya kikao cha wazazi. Aliuliza maswali yote: mirija inamwagwaje, damu kiasi gani ni ya kawaida, homa ikija apige simu wapi. Bwana Kilo alikaa pembeni, mikono mapajani, na moyo wake ulikuwa unatafuta njia ya kulipa. Alidhani ameiona.

"Daktari," alisema. "Mimi naweza kungoja. Aanze mama."

Daktari akaanza kuichunguza kalamu yake.

"Aanze nini?" aliuliza Mwalimu.

"Si hiyo... tumbo. Nimeona nikupishe."

"Nani kakwambia mimi nataka kukatwa?"

"Nilifikiri..."

"Umefikiri tena." Akamgeukia daktari, uso umetulia. "Daktari, huyu kaniambia hapaswi kucheka. Ni kweli?"

"Kweli. Wiki za mwanzo inauma sana."

"Kucheka kwa nguvu tu, au hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Nitamuuguza," alisema Mwalimu.

Bwana Kilo alikatwa. Walipima, akiwa amelala, na daktari alimwambia uzito, naye hakuwa na namna ya kubishana. Kila alichoambiwa kikawa kweli, ila hakuna aliyemwambia kwamba kupiga chafya kunaweza kumfanya mtu mzima amwite mama yake. Alirudi nyumbani amejikunja, kavaa mkanda wa kubana, vichupa viwili vimening'inia pembeni, akalazwa chali kwenye kitanda cha sebuleni na mito chini ya magoti. Mwalimu alimwaga vichupa, akampigia daktari simu, akamnywesha uji. Hakumwonea hata mara moja. Alingojea wageni.

Wageni walikuja, ndugu zake wale wale, vichwa vimeota mvi, wakajipanga kwenye makochi wakimpa pole mgonjwa. Mwalimu aliwagawia chakula. Alipofika katikati ya chumba akasimama na sahani.

"Ndugu zangu, mnajua niliolewa na Kilo," alisema. "Nikavumilia akawa Nusu. Sasa daktari kaniletea Robo, na nyongeza kaninyima."

Kaka mkubwa akapaliwa na wali. Wengine walipigana mapaja. Bwana Kilo alihisi kicheko kinampanda kutoka kwenye misuli iliyoshonwa, akakumbatia mto, akauma kona yake, machozi yakatoka. Uchungu ulikuwa mkali, na utani ulikuwa mzuri. Mwalimu aliendelea kugawa chakula. Alikuwa amejiwekea akiba nyingine nyingi, na alizitoa moja moja mpaka mashemeji wakaomba apumzike, maana mgonjwa amekuwa mwekundu.

Walipoondoka, nyumba ikatulia. Jua la alasiri lilikuwa limeingia sebuleni. Bwana Kilo alilala palepale alipolazwa, hawezi kugeuka kulia wala kushoto. Mwalimu akaja kutoka bafuni akiwa na gauni safi mkononi, kalitoa kwenye ndoano. Lile alilovaa lilikuwa limemwagikiwa mchuzi.

Alisimama mbele ya kitanda. Akafungua kifungo cha shingoni, kisha vingine, bila haraka, akalivua gauni na kulikunja juu ya kiti. Tumbo lake lilikuwa pale, laini, lina michirizi iliyong'aa kwenye mwanga, limeshuka kidogo mbele, na mapacha wawili walikuwa wamepita humo. Hakulificha kwa mkono. Alimtazama mumewe usoni.

Bwana Kilo alitafuta la kusema. Yalimjia mengi, na ulimi wake aliujua. Akaubana.

"Leo huna utani?" aliuliza Mwalimu.

"Daktari kanikataza kucheka."

"Hakukukataza kuangalia."

Akaangalia.